Suluhu ya Walioachana na Haki ya Mtoto Asiyeulizwa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu aliyetia mapenzi na huruma baina ya mume na mke, na baada ya kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake, twasema: Hii ni risala fupi juu ya jambo ambalo wasuluhishi wengi hulipitia kwa haraka, na haki yake ni kukaliwa na kutazamwa sana. Nalo ni hili: mume na mke wakisha kuachana, na wazee wakaketi kuwapatanisha juu ya watoto wao, je, yafaa wazee hao kuinunua amani ya wakubwa kwa haki ya mdogo?

Naandika haya kwa kuyatazama mambo ya Kaliua, na msomaji wa pwani asiseme, “Kaliua ni mbali, yatuhusu nini?” Kaliua i katika upande ule ule waliopita wazee wetu kwa miguu, toka Bagamoyo hata Tabora, na toka Tabora hata Ujiji. Zamani hizo mtu aliweza kuwa na nyumba pwani na nyumba nyingine Unyanyembe, na habari hizo zimeandikwa. Baba yake Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alikaa Unyanyembe akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, na hali mwanawe huyo mashuhuri alizaliwa Unguja kwa mke mwingine. Kisha reli ikashika mahali pa misafara. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na Kaliua ikawa njia panda, panapoachana gari la Kigoma na gari la Mpanda. Leo ni wilaya katika mkoa wa Tabora, na tumbaku yake yawavuta wafanya biashara wa kila upande, na vijana wetu wa pwani wamo. Huja, huoa, huzaa. Kisha biashara hupinda au nyoyo hufarikiana, na mume hukumbuka kwao. Talaka ni maneno machache, na eda ina siku zake, hatimaye yote mawili hukoma. Lakini mtoto hakomi. Mume si mume tena na mke si mke tena, na baba yungali baba, na mama yungali mama.

Nitataja shauri moja, na nimebadili ndani yake kila litakalomjulisha mwenyewe, kwani siri ya nyumba ya mtu ni amana. Mtu wa pwani alimwacha mkewe hapa Kaliua, naye ni mwanamke wa hapa hapa. Walikuwa na watoto wawili, binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 4. Tuliketi wazee watano baada ya sala ya alasiri, nami ni mmoja wao, na ndimi niliyetazamiwa kwa elimu. Baba ataka kuwachukua wote wawili awapeleke pwani kwa mama yake. Mama akataa kabisa. Maneno yalikwenda hata jua likakaribia kuchwa, ndipo mzee mmoja aliposema, “Jamani, wagawane. Bwana amchukue binti, naye Bibi abaki na kijana. Na kwa kuwa kila mmoja ana wake, basi pasiwe na kudaiana masurufu.” Baba akainamisha kichwa, mama akalia kidogo kisha akakubali. Nasi tukaona tumeutua mzigo mzito. Tukasoma Fatiha, nami ndimi niliyeiongoza. Na aliyetuletea dele la kahawa na vikombe alikuwa yule binti mwenyewe. Hapana mmoja wetu aliyemwuliza neno, ila mzee aliyetaka aongezewe kikombe.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Hukumu ya mtoto wa miaka 9 nimeisomesha miaka mingi, na wanafunzi wangu waijua kwa moyo. Nilipoketi barazani niliiacha kitabuni, kwa kupenda watu waondoke hali wameridhiana. Basi nikajiuliza: wameridhiana akina nani?

Ndugu msomaji, jua ya kwamba suluhu ni jambo tukufu. Katika Suratin-Nisaa aya ya 35 Mwenyezi Mungu ameamrisha, panapoogopewa mfarakano, atolewe mwamuzi katika jamaa za mume na mwamuzi katika jamaa za mke. Na wakisha kuachana hakuwaacha bila ya njia. Katika Suratil-Baqara aya ya 233 amekataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, na baba kadhalika. Na hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake amekuweka juu ya kuridhiana na kushauriana kwa wote wawili. Na katika Suratit-Talaq aya ya 6 akaamrisha washauriane kwa wema. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka shauri la wawili, seuze kumhamisha toka mji hata mji na kumtenga na ndugu yake.

Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoipitisha suluhu baina ya Waislamu aliitoa humo ile igeuzayo hukumu ya halali na haramu. Basi ukitaka kuijua suluhu kama yafaa, tazama kila mmoja ametoa nini, kisha uliza: alichokitoa ni chake? Mtu akimdai jirani yake, akamsamehe nusu, amesamehe kilicho chake, na thawabu ni yake. Lakini msimamizi wa mali ya yatima akisamehe deni la yatima ili apendwe na mdeni, watu wote watamwita mhaini, hata akiwa amefanya hivyo kwa uso wa kucheka na maneno ya upole. Na wazee wanaoketi kuamua mambo ya watoto wamo katika mahali pa msimamizi huyo, kwani mwenye haki ni mdogo, hana ulimi barazani.

Tuitazame sasa suluhu yetu. Mama alitoa masurufu ya kijana. Je, yalikuwa yake? La. Chakula cha mtoto asiye na mali, na nguo yake, na makao yake, ni haki ya mtoto juu ya baba yake awezaye, awe mtoto huyo yuko mkononi mwa baba au mkononi mwa mama. Hata mama mwenyewe, akidai ujira wa kunyonyesha, Kurani imempa. Basi mama yule aliposema, “Sitaki kitu, niachieni mwanangu,” alikuwa kama mtu atoaye fidia ili asinyang'anywe. Alitoa kisichokuwa chake kwa hofu, nasi tukaihesabu hofu ile kuwa ni ridhaa.

Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i iko hukumu ambayo wasuluhishi wengi hawaikumbuki. Masurufu ya mtoto yakipitiwa na siku zake bila ya kutolewa huanguka, wala hayawi deni juu ya baba, ila kadhi akiwa ameyafaradhisha au ametoa idhini ya kukopa. Imam Nawawi ameyataja hayo katika Minhaj. Basi asemaye, “Tuyaache kwanza, tutayatazama mbele,” na adhani kwamba hakuna kilichopotea, amekosea. Kila mwezi upitao ni haki ya mtoto iliyomwagika mchangani, haizoleki.

Baba naye alitoa nini? Alisema hatamdai kijana. Lakini mtoto wa miaka 4 hajafika umri wa kupambanua, na malezi yake, ndiyo hadhana, asili yake ni ya mama maadamu hajaolewa na mume mwingine aliye mbali na mtoto, kama alivyoamua Mtume kwa mwanamke aliyemshitakia mumewe aliyetaka kumpokonya mwanawe. Na binti wa miaka 9 amekwisha pambanua. Umri huo kwa desturi hukisiwa miaka 7, na mtoto aliyeufikia, wa kiume na wa kike, huhiyarishwa baina ya wazazi wake. Na akimchagua mmoja leo, kisha akamtaka wa pili, hupelekwa kwake. Basi sisi wazee watano tulimgawa mwenye hiari kama mtu agawavyo mbuzi wawili, huyu wako na huyu wake, ili hesabu ikae sawa.

Hapa msomaji aliyesoma atasema: “Maalim, mbona waacha hukumu ya safari? Baba akihama, si yeye ndiye wa mbele, ili nasaba isipotee?” Nasema, ndiyo, lakini soma hukumu yote. Akisafiri mmoja wa wazazi kwa haja, kisha arudi, mtoto hukaa na yule aliyebaki mjini, awe amepambanua au hajapambanua. Akisafiri kwa kuhama kabisa, ndipo baba huwa wa mbele, kwa sharti njia iwe na amani na mji aendao uwe na amani. Na mama akifuatana naye katika safari hiyo hakosi haki yake. Basi swali la kwanza lililotupasa kumwuliza bwana yule lilikuwa hili: wahama au wasafiri? Nalo hatukumwuliza.

Asubuhi nilikwenda kwa wazee wenzangu nikawaambia, “Tumekosea.” Mmoja akanijibu, “Sheikh, Fatiha imekwisha somwa.” Nikamwambia, “Fatiha ni dua, nayo haihalalishi kosa.” Katika barua inayonasibishwa na Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi ameambiwa kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki ikimdhihirikia leo. Ikiwa kadhi hatahayari kurudi, seuze sisi wazee wa baraza.

Mzee mwingine, na huyu nilimsikiliza sana kwani alisema kwa uzoefu, akanena, “Sheikh, mimi nimesuluhisha watu tangu hujaja hapa. Ukimbana mwanamume kwa masurufu, atapanda gari ataingia pwani, na simu yake ataizima. Heri mama apate mtoto mmoja kwa amani kuliko kupata karatasi.” Maneno haya yana ukweli, na mwenye kuyadharau hajapata kusuluhisha. Lakini kuna tofauti baina ya kupokea kidogo kwa udhaifu na kusamehe kilichosalia. Baba akiwa hana, au akiwa mkaidi, pokea kwake utakachokipata, hata kama ni kibaba cha unga, kisha useme mbele ya mashahidi: hiki ndicho kilichopokewa leo, na haki ya mtoto ingaliko. Usiseme, “Pasiwe na kudaiana.” Neno la kwanza ni la mtu aliyeshindwa, na kushindwa si dhambi. Neno la pili ni la mtu aliyeuza mali ya mwenziwe.

Tukamwita baba. Nikamwuliza kama ahama. Akasema, “Maalim, bidhaa yangu imo ghalani hapa. Nakwenda pwani kutazama mambo, na soko la tumbaku likifunguliwa nitarudi.” Basi ikadhihiri kwamba hahami, na kwa hukumu ile watoto wote wawili walibaki na mama aliye mjini mpaka arudi. Uso wake ukabadilika. Nikamwambia, “Mwanangu, usidhani umedhalilishwa,” nikampa habari ya Sayyidna Umar, iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Umar alimwacha mkewe wa Kiansari aliyezaa naye Asim. Siku moja alikwenda Quba akamwona mtoto acheza katika uwanja wa msikiti, akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto, mama wa mamake, akamfuata, wakavutana, hata wakafika mbele ya Sayyidna Abu Bakr. Kila mmoja akasema ni mwanangu. Abu Bakr akaamua mtoto abaki kwa bibi. Na Umar, ambaye watu wote wajua ukali wake, hakurudisha neno. Ukimya ule ni katika sifa zake kubwa, na baba atakaye kumwiga Umar amwige na hapo.

Kisha nikamwita binti mbali na wazazi wake, wala si barazani mbele ya macho ya wanaume. Hukumu ya safari ilikuwa imetosha kumbakisha. Nilimwuliza kwa kuwa baba akirudi Kaliua hiari ni yake. Nilimwambia, “Mwanangu, hapana atakayekukasirikia.” Akasema ataka kukaa kwa mama yake, na baba akija apate kwenda kwake, na ndugu yake wende pamoja. Lilikuwa shauri jema kuliko la wazee watano.

Wala baba hakuondoka mikono mitupu. Mwaka wa 7 wa Hijra, katika umra ya kulipa, walishindania binti wa Sayyidna Hamza watu watatu: Ali, na Jaafar, na Zaid. Mtume akampa Jaafar, kwa kuwa mkewe alikuwa mama mdogo wa mtoto, na mama mdogo yu mahali pa mama. Kisha akageukia kila mmoja wa watatu akampa neno la kumtukuza. Msuluhishi na ajifunze hapo kwamba aliyekosa mtoto katika baraza asirudishwe kama aliyeshindwa kesini. Tulikubaliana baba azungumze na watoto kwa simu kila Ijumaa, na awe na siku zake akiwa Kaliua, na mambo ya chuo na skuli wayashauriane wote wawili. Masurufu tukayakadiria kwa uwezo wake, yatumwe kwa simu kila mwanzo wa mwezi, na karatasi ikatiwa sahihi na mashahidi. Sisemi mambo yalinyooka yote. Iko miezi iliyochelewa, na iko Ijumaa ambayo simu haikulia. Lakini ilipochelewa kulikuwa na kitu cha kushika mkononi, wala mama hakuambiwa, “Wewe ulisamehe.”

Na sheria ya serikali pia ijulikane, kwani sisi wa bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali kama walivyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na wa Mombasa na Lamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 katika kifungu cha 101 yataka shauri la ndoa lipite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Na baraza hilo huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kifungu cha 125 chatanguliza maslaha ya mtoto, na chataka matakwa yake yatazamwe ikiwa aweza kusema lake. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 chadhania kwamba kheri yake ni kuwa na mama, mpaka ibainike kinyume. Na kifungu cha 129 chamlazimu baba kuwatunza watoto wake wadogo, wawe mkononi mwake au mkononi mwa mwingine. Tena mjue kwamba baraza kazi yake ni kupatanisha. Amri ya malezi na ya masurufu hutolewa na mahakama. Kwa hiyo panapoogopewa ukaidi, mapatano yapelekwe huko yapate nguvu, wala hilo si kuikimbia sharia ya Mungu, kwani katika mambo haya mawili, masurufu na malezi ya mdogo, njia zimekaribiana.

Basi ndugu yangu, ukiitwa kusuluhisha, kabla hujainua mikono kwa Fatiha jiulize manne. Je, baba ahama au asafiri? Je, mtoto aliyepambanua ameulizwa, naye peke yake, bila ya kutishwa? Je, masurufu yametajwa kwa kiasi na kwa wakati, au yamefukiwa ndani ya neno “tusidaiane”? Na je, katika yote yaliyotolewa barazani, kiko kilichotolewa na asiye mwenyewe? Jibu la hilo la nne likiwa ni ndiyo, usisome Fatiha. Waambie watu waketi tena, hata kama usiku umeingia na kila mtu ataka kwenda kwake.

Nawe baba uliye mbali, usingoje kuitwa na mtu. Mtoto uliyemwacha katika njia ya reli hajui habari za talaka yako, wala hakuwa shahidi wake. Ajua kwamba ana baba, na siku moja atauliza baba huyo alimfanyia nini. Na kabla hajauliza yeye, utaulizwa na aliyekupa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakata kwa haraka, awalinde watoto wa Waislamu popote walipo, na atujaalie kuwa wenye kusuluhisha kwa haki. Naye ndiye ajuaye zaidi.